Msiweke Vidonge vya Mtoto Madhabahuni

Nilikuwapo. Nilikaa benchi la pili, upande wa akina mama, Jumapili ile mama mmoja alipopita mbele akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka 13, akafungua fundo la leso yake, akaweka mezani pa Bwana vidonge vyeupe vilivyofungwa katika kikaratasi. Mtumishi mgeni aliyekuwa akiongoza semina wiki hiyo akatutangazia kwamba mtoto amefunguliwa kifafa, na kwamba kuendelea kumeza dawa baada ya kufunguliwa ni kumwita Mungu mwongo. Vigelegele vikapanda. Kwaya ikaanza pambio. Vidonge vile mimi nilivijua, maana nilivihesabu kwa mkono wangu Jumanne ya wiki hiyo hiyo, katika chumba cha dawa nilikokuwa nikifanya kazi. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Siku ya tisa binti alianguka jikoni akiwa peke yake, mkono wa kushoto ndani ya mafiga. Mama yake alikuwa kisimani. Hospitali ya wilaya ilimwondoa vidole vitatu.

Ninaandika makala haya ili kugombana, na wa kwanza ninayegombana naye ni mimi. Mtumishi yule alikwenda zake, naye hakujua kitu. Mimi nilijua. Nilijua kwamba dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ugonjwa hurudi kwa nguvu kuliko ulivyokuwa, na wakati mwingine mtu huanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hiyo ni hali inayoua. Nilifundishwa hivyo chuoni, nimewafundisha hivyo wauguzi wadogo. Lakini nilipokuwa kanisani nilimwacha yule muuguzi nje ya mlango, nikaogopa kuonekana mwenye imani haba. Ndugu zangu washarika, wangapi kati yetu tumefanya hivyo hivyo?

Tuanze na jambo lenyewe, maana wengi wetu tunaukemea ugonjwa tusioujua. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kati ya chembe na chembe, kila kundi la chembe likifanya zamu yake. Katika kifafa, kundi kubwa la chembe hufyatuka kwa pamoja bila mpango. Ikitokea upande unaoamuru misuli, mwili hukakamaa na kutupatupa. Ikitokea pengine, hakuna kuanguka wala povu: mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache kama aliyesahau yuko wapi, au mtu mzima hutafunatafuna kinywa kitupu, hupapasa vifungo vya shati, husema neno lisilo na maana, kisha hurudi. Huyu naye ana kifafa. Nimewaona watoto wa namna hii wakichapwa na walimu wa shule ya Jumapili kwa kosa la kutosikiliza.

Na visababishi vyake ni vya kawaida kabisa, vya hapa hapa kwetu. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa kwa sababu mama alikaa na uchungu siku mbili nyumbani. Malaria iliyopanda kichwani. Homa ya uti wa mgongo. Kijana wa bodaboda aliyeanguka bila kofia. Mzee aliyepata kiharusi. Wengine huzaliwa na mwelekeo huo katika damu ya ukoo, na wengine hatukioni kisababishi hata tukitafuta. Katika sehemu zinazofuga nguruwe bila mabanda, kama kule Mbulu na Mbozi, yuko tegu. Watafiti waliofanya kazi na hospitali ya Haydom waliwapiga picha za kichwa wagonjwa wa kifafa, na kwa baadhi yao wakakuta alama za tegu ndani ya ubongo. Hapa watu huelewa vibaya, kwa hiyo nitaeleza. Ukila nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi isiyoiva, unapata tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai, mayai hutoka na kinyesi, na mtu yeyote akiyameza, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji, kwa mboga mbichi, viluwiluwi huweza kwenda kukaa ubongoni. Basi hata jirani asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kifafa kwa sababu ya choo ambacho mwenzake hakuchimba. Nani atatoa pepo la kukosa choo?

Kule Mahenge, milima ya Ulanga, habari ni ndefu zaidi na ningependa kila mzee wa kanisa aijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta huko watu wengi mno wenye kifafa, kuliko alivyotegemea popote. Walikuwa wameungua, wametengwa, wamewekewa vyombo vyao vya kulia, kwa sababu watu waliogopa mate yao. Akafungua kliniki, akaanza kuwapa fenobabitali, dawa ya bei ndogo iliyoanza kutumika kwa kifafa tangu 1912. Watu waliokuwa wameachwa wafe wakaanza kulima tena. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia, na baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulikuja kuonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Miaka mingi watu walisema ile milima ina laana. Leo watafiti wanauhusisha wingi wa kifafa cha Mahenge na usubi, ule ugonjwa unaopofusha macho, unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana penye mito ya maji ya kasi. Kwa usubi kuna dawa inayotolewa bure vijijini mara kwa mara, na mtu akiikataa ile dawa kwa sababu ya uvumi, watoto wake ndio wanaobaki mtoni na wale inzi.

Sasa nakuja kwenye Neno, maana najua nitakakojibiwa. Nitaambiwa: je, Bwana Yesu hakumkemea pepo katika yule kijana aliyeanguka motoni na majini? Ndiyo, alimkemea. Imeandikwa katika Mathayo 17, Marko 9 na Luka 9, na sitaki kuifuta hata nukta. Siko miongoni mwa wanaosema kwamba pepo hawapo. Lakini soma Injili hiyo hiyo ya Mathayo, sura ya 4, mstari wa 24, pale wanapotajwa waliomjia Bwana kutoka Shamu yote. Mwinjili anawataja wenye pepo, halafu anawataja wenye kifafa, halafu waliopooza, kila kundi kwa jina lake. Kama kila mwenye kifafa ni mwenye pepo, kwa nini Mathayo aliwatenganisha? Yeye aliona makundi mawili pale ambapo sisi, miaka 2000 baadaye, na kliniki iko ng'ambo ya barabara, tunaona moja tu.

Na katika ile Marko 9, angalieni Bwana alivyofanya. Umati unakimbilia, wanafunzi wameshindwa na wanabishana na waandishi, kijana anagaagaa chini. Bwana anamgeukia baba na kumuuliza tangu lini mtoto amekuwa hivi. Baba anajibu, tangu utotoni. Swali hilo ndilo ninaloanza nalo mimi kliniki, na nimewahi kuhudhuria maombezi mengi sana, sijasikia hata mara moja mwombeaji akimwuliza mzazi hivyo. Wanauliza majina ya mabibi. Wanauliza nani katika ukoo alikwenda kwa mganga. Kisha mwishoni Bwana anamshika kijana mkono, anamwinua. Hakumkanyaga, hakumkandamiza shingo sakafuni, hakumpigia kelele masikioni. Na kijana yule hakuanguka tena. Ikiwa wako watumishi wenye mamlaka hiyo leo, mimi namshukuru Mungu, lakini basi wafanye kama Bwana alivyofanya kwa wenye ukoma: aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, maana sheria iliwapa makuhani kazi ya kukagua na kuthibitisha. Hakuogopa ukaguzi. Uponyaji wa kweli wa kifafa hauiogopi kliniki. Daktari akiona mgonjwa amekaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka hata mara moja, yeye mwenyewe ataanza kuzungumza naye habari ya kupunguza dawa, kidogo kidogo, kwa miezi. Kwa nini mtumishi wa semina ya siku tano ana haraka kuliko Bwana na kuliko daktari?

Jambo linaloniumiza zaidi ni mkesha. Kifafa kina vichokozi vyake, na vya kwanza ni viwili: kukosa dawa na kukosa usingizi. Basi tazama tunavyofanya. Tunamchukua mtoto, tunamfungisha siku tatu, na kwa kuwa amefunga hamezi kitu, wala dawa. Usiku tunamkesha hadi saa kumi alfajiri katikati ya ngoma na vipaza sauti. Saa tisa anaanguka. Na anapoanguka tunashangilia kwamba pepo amejidhihirisha! Mgonjwa wa kifafa ukimnyima dawa na usingizi ataanguka, hata kama mnaimba, hata kama mko kwenye basi la kwenda mkoani, hata kama hakuna aombaye. Kisha baada ya dakika mbili au tatu mitupo inakoma, mtoto analala kama aliyechoka na safari, akiamka hajui yuko wapi. Tunasema, ametoka. Kumbe ndivyo kifafa kinavyokwisha mara nyingi, chenyewe. Tumemtia mtoto ugonjwa kwa mikono yetu usiku kucha, kisha tumejipa sifa kwa kukoma kwake. Nisemeje? Nasema ni dhambi, na ninaitaja kwa jina hilo nikiwa mzee wa kanisa niliyeshiriki.

Halafu lile la imani haba. Mchungaji anayesema kidonge ni kukosa imani husoma Biblia kwa miwani. Sijawahi kusikia miwani ikiwekwa madhabahuni. Wazee wa baraza letu, nawajua kwa vyeti vyao, karibu nusu wanameza dawa za presha, na wawili wanajichoma sindano ya sukari kila asubuhi kabla ya kuja ibadani, na hakuna aliyewahi kuitwa mbele kuombewa afunguliwe sukari. Dawa zao ni hekima ya Mungu aliyewapa wanadamu akili. Ya mtoto wa mama maskini ndiyo kukosa imani. Tofauti ni nini, isipokuwa kwamba presha haitoi povu hadharani? Hezekia alipougua hata kufa, alisali na kulia, na Mungu akamsikia. Na bado Isaya akaagiza waweke bonge la tini juu ya jipu. Paulo hakumwambia Timotheo akemee tumbo lake. Alimshauri atumie mvinyo kidogo. Na Luka, ambaye Paulo anamtaja katika Wakolosai kuwa tabibu mpendwa, hakuambiwa aache utabibu ndipo aandike Injili.

Labda unasema, muuguzi, ninyi nanyi mna makosa yenu. Kweli tunayo, na nisipoyataja nitakuwa mnafiki. Mama yule hakukimbilia semina kwa ujinga. Alikuwa ametembea saa tatu kuja kwetu, si mara moja, akaambiwa dawa zimekwisha, njoo wiki ijayo. Alipewa vidonge bila kuelezwa kwamba kazi yake ni kuzuia kuanguka na kwamba havifanyi kazi ya kung'oa ugonjwa kama dawa ya malaria inavyofanya; hivyo mtoto alipoanguka siku moja akiwa anatumia, akaona dawa imeshindwa. Hakuna aliyemwambia kwamba dozi huongezwa polepole mpaka ifae. Muuguzi wa zamu alimkaripia mbele ya foleni. Kanisani alipokelewa, akakalishwa, akaitwa mama kwa jina la mtoto wake, akasikilizwa saa nzima. Ningekuwa yeye ningekwenda wapi? Zahanati zetu zingekuwa na nusu ya upole wa kikundi cha maombi, makala haya yasingehitajika. Lakini upole hauzuii moto wa mafiga.

Kuna na mazoea ya nyumbani tunayoyabatiza. Wapo wanaoamini kwamba degedege ya mtoto mdogo huletwa na ndege apitaye usiku, na kwamba sindano itamwua, kwa hiyo anafukizwa moshi kwanza. Mtoto yule mara nyingi ana malaria, na saa zile za moshi ndizo saa za kumwokoa. Wapo wanaosema mate yanaambukiza. Hayaambukizi, hata ukiyafuta kwa mkono mtupu. Wapo wanaomnyima mtoto shule asije akaaibisha. Wapo, na hili nimelisikia kwa masikio yangu katika ofisi ya kanisa, wanaomshauri kijana avunje uchumba baada ya ndoa kutangazwa, kwa kuwa binti aliwahi kuanguka sokoni. Na nikiwa kwenye habari hii: kinachoitwa kifafa cha mimba ni ugonjwa mwingine, unatokana na presha ya ujauzito na huua mama na mtoto. Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yanayoona ukungu, uso na mikono iliyovimba, apelekwe hospitali yenye daktari siku hiyo hiyo. Mwombeeni ndani ya gari.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kama milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Katika nchi maskini, robo tatu hivi hawapati matibabu hayo. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nililaumu serikali, na bado nailaumu. Lakini kati ya wale wasiotibiwa wamo ambao dawa waliipata, iko ndani ya fundo la leso, na sisi ndio tuliowaambia waifungue mbele ya umati.

Mtu akianguka ibadani, haya ndiyo ninayoyataka yafanyike, na nimeyaandika kwenye ubao wa matangazo mara mbili, mara zote mbili yakafunikwa na tangazo la mnada wa mavuno. Ondoeni benchi lililo karibu naye. Wekeni kitenge kilichokunjwa chini ya kichwa chake. Legezeni kola au kilemba. Msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, na kijiko kitavunja meno. Mitupo ikipungua mlazeni ubavu ili mate yatoke. Mmoja atazame saa. Zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuteni usafiri. Na mchungaji aombe, ndiyo, aombe kwa sauti ya kawaida, huku mama mmoja amemfunika miguu, maana mara nyingi mkojo hutoka na aibu ya kuamka hivyo mbele ya watu huwafanya wengine wasirudi kanisani milele.

Binti yule sasa ni mwanamwali wa miaka 19. Alirudi kwenye dawa akiwa bado na bandeji, na sasa yapata miaka mitano hajaanguka. Anameza kidonge saa tatu usiku, kila siku. Yuko kwaya ya vijana. Kitabu cha nyimbo anakishika kwa mkono wa kulia. Nilikwenda kwao kuomba msamaha. Ilinichukua miaka miwili kufika, na nyumba yao iko mita mia tatu kutoka kwangu. Mama yake alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Shangazi, siku ile ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilijua. Hakusema neno, akanimiminia chai nyingine.

Nimelipeleka ombi langu kwa baraza la wazee: kwamba mtu yeyote atakayealikwa kuongoza semina usharikani kwetu aambiwe kwa maandishi, kabla hajapanda mimbari, kwamba hapa hatuachishi mtu dawa. Limeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza muda ulikuwa umekwisha, mara ya pili mzee mmoja alisema litamkwaza mgeni. Nitalipeleka mara ya tatu, na safari hii binti amesema atakuja kukaa nami.